Waya wa HDMI Hauongezi Pikseli

"Fundi, nimenunua TV ya 4K na nyumbani nina PS4. Netflix haitoki 4K. Ninunue waya gani wa HDMI?"

Swali hili nimeulizwa kwa simu, nimeulizwa dukani, nimeulizwa hata msibani, na wiki iliyopita ameniuliza shemeji yangu ambaye nilishamjibu mwaka jana. Kila anayeuliza huwa ameshaamua kwamba kosa liko kwenye waya. Kwangu anataka jina la waya tu. Sina jina la kumpa. PS4 ya kawaida, iwe ile nene iliyotoka Novemba 2013 au ile nyembamba ya 2016 inayoitwa Slim, haitoi picha ya 4K. Haitoi kwa Netflix, haitoi kwa YouTube, haitoi hata kwa menyu yake yenyewe. Kikomo chake ni 1080p, na hakuna waya uliotengenezwa duniani unaoweza kukisogeza.

Sababu zipo na nitazieleza. Lakini kwanza niumalize mjadala huu wa waya, kwa sababu unakula fedha za watu wasiokuwa nazo za kuchezea.

Ukipita Kariakoo au Luthuli Avenue utakuta nyaya zimening'inizwa kwa madaraja. Kuna ule mweusi wa kawaida unaofungwa kwa kijiwaya cha plastiki. Kuna uliosukwa kwa nyuzi nje. Kuna wenye ncha za rangi ya dhahabu, ndani ya boksi lililoandikwa "4K", "8K" au "2.1" kwa herufi kubwa kuliko jina la kiwanda. Muuzaji atakwambia huu wa bei nafuu unatoa HD, ule wa bei ghali ndio unaotoa 4K. Kosa liko kwenye neno "unatoa". Waya hautoi picha. Unabeba namba kutoka kwenye mashine hadi kwenye TV, na namba zilizoingia upande huu ndizo zinazotokea upande ule. Picha ya 1080p ina pikseli milioni 2 na ushee. Ya 4K inazidi milioni 8. Mashine ikituma milioni 2, waya hauna pa kuzitoa hizo milioni 6 nyingine.

Najua imani hii inatoka wapi. Enzi za antena na zile nyaya tatu za nyekundu, nyeupe na njano, waya mbovu uliiharibu picha kidogo kidogo: chenga, rangi zilizofifia, mtangazaji mwenye kivuli pembeni yake. Ukibadilisha waya, picha ilitakata. Wengi wetu tulikua hivyo, na tuliyoyaona yalikuwa kweli. HDMI haifanyi kazi hivyo. Waya wake ukishindwa hushindwa waziwazi: skrini inazima sekunde mbili na kurudi, vitone vyeupe vinametameta juu ya picha, au TV inaandika kwamba haipokei chochote. Kama filamu yako inacheza saa nzima bila kukatika, bila vitone, ila unaona haina ukali wa 4K, waya wako mzima kabisa. Uache.

Na hayo maandishi ya kwenye boksi? Shirika linalosimamia HDMI huziita nyaya kwa uwezo wake wa kubeba: High Speed ni gigabiti 10.2 kwa sekunde, Premium High Speed 18, Ultra High Speed 48. Haliruhusu waya utambulishwe kwa namba ya toleo. Kwa hiyo boksi linalojitangaza "HDMI 2.1" bila jina la daraja wala lebo ya uthibitisho limeshakuambia jinsi mtengenezaji anavyoheshimu kanuni. Dhahabu kwenye ncha ina kazi moja, kuzuia kutu, na kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, karibu na chumvi ya bahari, si kazi ya kubeza. Lakini ni kinga ya chuma. Haihusiani na idadi ya pikseli.

Waya una pake. Ukiupitisha dari nzima, mita 10 hadi kwenye projekta, ubora wake utauona. Ukicheza gemu za PS5 kwa 4K ya fremu 120 kwa sekunde, unahitaji Ultra High Speed, na huo umo tayari ndani ya boksi la PS5. Filamu nyingi ni fremu 24 kwa sekunde. Mzigo wake ni mwepesi, na waya wa High Speed wa mita moja na nusu unaubeba.

Anayebisha bado, nampa kisa cha Disney+. PS5 ilitoka Novemba 2020 ikiwa na tundu la HDMI 2.1 na waya wake bora kabisa. Waliokuwa nchi ambazo Disney+ inapatikana, wakiwemo ndugu zetu wengi wa Uingereza, waliifungua humo na kukuta 1080p. Programu waliyopewa ilikuwa ile ya PS4, imehamishiwa kwenye mashine mpya. Walikaa hivyo karibu miaka mitatu. Mwishoni mwa 2023 ikaja programu iliyoandikwa kwa ajili ya PS5, na 4K ikafunguka. Mashine ni ile ile, TV ni ile ile, waya ni ule ule uliokaa nyuma ya kabati ukishika vumbi. Kilichobadilika ni programu.

Hapo ndipo lilipo jibu. Netflix haina nakala moja ya filamu. Ina nakala nyingi, kuanzia ile hafifu ya kuokoa bando hadi ile ya 4K, na kila moja imesimbwa kwa namna yake. Programu ikifunguka kwenye mashine yako hujitambulisha kwa seva: mimi ni mashine ya aina hii, nasoma kodeki hizi, yaani mbinu hizi za kusimba video, ulinzi wangu wa nakala ni wa kiwango hiki. Seva hutoa nakala na ufunguo unaolingana na maelezo hayo. Uamuzi umepita kabla hata namba ya kwanza haijaingia kwenye waya.

PS4 inakwama karibu kila mlango. Netflix ilianza kurusha 4K Aprili 2014, na kodeki iliyoibeba, HEVC, iliidhinishwa 2013, mwaka ule ule PS4 ilipotoka. Chipu yake ilikuwa imeshasanifiwa. Tundu lake la HDMI ni la kizazi cha 1.4. Na studio za Hollywood hazikubali filamu ya 4K itoke kwenye kifaa bila kinga inayoitwa HDCP 2.2, ambayo lazima iwepo kwenye mashine na kwenye TV, pamoja na chochote kilichokaa katikati. YouTube haina ukali huo kwa video za kawaida, lakini 4K yake husimbwa kwa VP9 au AV1, na asiyezisoma hubaki 1080p.

Wengine huniambia, "Lakini PS4 ina nguvu, inacheza gemu nzito." Nguvu ya gemu ni kitu kingine. Xbox One S ya Agosti 2016 ni dhaifu kuliko PS4 kwa gemu, lakini inarusha Netflix ya 4K na inasoma hata diski za filamu za 4K. PS4 Pro, iliyotoka miezi mitatu baadaye ikiwa na nguvu zaidi ya zote mbili, inarusha Netflix ya 4K lakini diski za 4K haizisomi. Stiki ya TV unayoweza kuificha kiganjani, isiyoweza kucheza hata gemu moja kati ya hizo, inaonyesha 4K kwa sababu ndani yake kuna kipande cha chipu kilichotengenezwa kwa HEVC na kwa HDCP 2.2.

Hiyo HDCP inastahili maneno zaidi, maana ndiyo inayowasumbua wenye PS4 Pro, watu ambao kweli wana haki ya 4K. Mteja mmoja alikuja kwangu na nyaya mbili mpya, zote za bei kubwa. Pro yake iliwahi kutoa skrini nyeusi, fundi wa awali akaifungua katika hali ya usalama na kuchagua "HDCP 1.40 pekee". Picha ikarudi, fundi akalipwa, wakaachana. Asichoambiwa mteja ni kwamba chaguo hilo linaifunga mashine kwenye 1080p. Niliirudisha kwenye chaguo la kawaida, nikahamisha waya wake wa zamani kwenda tundu la pili la TV, kwa sababu kwenye TV kadhaa za 4K za mwanzo ni tundu moja tu lililokuwa na HDCP 2.2. Kazi ya dakika 5. Nyaya mbili mpya sasa ni za akiba. Inaniudhi kila ninapokumbuka, kwa sababu alikuwa amejinyima kuzinunua.

Kisa hicho hicho hutokea kwenye vibanda vya gemu na vibanda umiza. Kijisanduku cha kugawa picha kwenda TV mbili kikiwa cha zamani, au TV moja ikiwa ya zamani, mashine huwapa wote kile anachoweza aliye chini kabisa. Saundiba iliyokaa kati ya mashine na TV hufanya vivyo hivyo.

Kuna ushahidi wa uongo ambao wauzaji wanaupenda, na huenda wengi wao wanauamini kwa moyo safi. Wanachomeka waya mpya kwenye PS4 Pro au PS5, wanabonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti, TV inaandika 3840 x 2160. "Unaona?" Namba hiyo inasema mashine inatuma fremu za ukubwa huo, basi. PS5 iliyowekwa kwenye 2160p hutuma kila kitu kwa ukubwa huo, hata video ya harusi ya mwaka 2006. Pikseli za ziada imezikisia yenyewe. Ukitaka ukweli, waulize wanaorusha picha. Kwenye YouTube, fungua mipangilio ya video na uwashe takwimu za kitaalamu, usome ukubwa wa video yenyewe. Kwenye Netflix, tazama alama iliyo kando ya jina la filamu: alama ya Ultra HD 4K hujitokeza pale tu kifurushi chako na kifaa chako vinapoiruhusu. Ukiona HD peke yake, mambo yameishia kwenye HD, rimoti iseme isemavyo.

Sasa la kufanya, kwa haraka. Una PS4 ya kawaida: iache kwa gemu, Netflix ifungue kwenye TV yenyewe; kama programu ya TV ni nzito au haipo, nunua stiki yenye maandishi ya 4K kutoka kampuni inayojulikana, maana visanduku vingi vya Android visivyo na jina havina ulinzi unaotakiwa na Netflix na haviipati hata HD ya kweli. Una Pro, One S, PS5 au Xbox Series: weka mashine kwenye 2160p, waya uende moja kwa moja kwenye TV, na kwenye menyu ya TV washa hali pana ya HDMI kwa tundu hilo. Kijana wa nyumbani akiwa anarekodi gemu, hakikisha hajazima HDCP kwenye mipangilio ya PlayStation; ikizimwa, programu za filamu hazifunguki. Kwenye akaunti ya Netflix, 4K ni ya Premium tu. Matumizi ya data yawe ya juu au ya kujipanga yenyewe, kwa sababu ukiweka ya kati umeshaikataa 4K kwa mkono wako. Kasi ya intaneti: Netflix inataka megabiti 15 kwa sekunde, na ikishafika hapo, megabiti 100 hazitaipandisha picha popote. Saa moja ya 4K inakula hadi gigabaiti 7, kwa hiyo filamu ya saa mbili ni 14. Mwenye bando la kupimiwa apige hesabu hiyo kabla ya kuihangaikia 4K.

Shemeji yangu nilimfuata nyumbani safari hii. Nilichukua rimoti ya TV, si padi ya PS4, nikabonyeza kitufe kilichoandikwa Netflix. Kilikuwapo tangu siku aliyoitoa TV kwenye boksi. Aliingiza akaunti yake, akafungua filamu ile ile aliyokuwa akinilalamikia, na kando ya jina lake palikuwa pameandikwa Ultra HD 4K. Hapakuwa na waya wowote wa HDMI uliohusika.