Baba Haongei Siku Hizi: Upweke na Akili za Wazee Wetu

[Muziki wa kufungua, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Iwe uko Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, karibu katika kipindi cha afya. Leo tunazungumzia akili za akina baba, hasa wazee, na namna kuishi na watu kunavyozilinda.

Huenda nyumbani kwako yupo baba au babu ambaye zamani alikuwa msemaji. Sasa anashinda ndani. Ukimwuliza jambo, anajibu neno moja. Anasahau hata siku ya mgao. Jirani mmoja anasema ni uzee tu, mwingine ananong'ona kwamba amerogwa. Tusikimbilie huko.

Kuna ugonjwa wa ubongo unaoitwa dimenshia. Huharibu kumbukumbu, fikra na uwezo wa mtu kujihudumia. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nao, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huwapata zaidi wazee, lakini si kila mzee lazima aupate. Mwaka 2024 wataalamu walioandika katika jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari. Walikadiria kwamba yakiondolewa yote, visa 45 katika kila 100 vingezuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni kukosa shule, presha, kutosikia vizuri, ulevi, sonona na upweke.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Upweke unaingiaje kwenye ubongo? Kuongea ni kazi. Unasikiliza, unakumbuka, unatafuta neno, unasoma uso wa mwenzako. Anayekaa peke yake kila siku anaukosesha ubongo kazi hiyo.

Kwa akina baba kuna jambo la ziada. Kule nyumbani, wengi walipata wenzao kazini: shambani, mtumbwini, machungani, sokoni. Vita vilipochukua kazi, vilichukua na wenzao. Kungoja mgao kunamtia baba aibu, anajifungia. Tena tulilelewa tukiambiwa mwanaume hasemi maumivu yake. Wengine wanayazamisha kwenye gongo au lutuku, na pombe nyingi huudhuru ubongo.

Basi ufanye nini?

Kwanza, mrudishe kwenye watu. Usimpe tu kiti cha kukaa, mpe shughuli: awafundishe wajukuu lugha ya nyumbani, asuluhishe ugomvi, acheze bao na wazee wa bloku.

Pili, angalia masikio. Asiyesikia huchoka kuuliza "umesema nini?" na mwisho hunyamaza. Mpeleke zahanati. Pengine ni nta tu, nayo hutolewa.

Tatu, apimwe presha. Mara nyingi haina dalili, lakini huharibu mishipa midogo ya damu kwenye ubongo.

Nne, kama amepoteza hamu ya kula, halali na anasema maisha hayana maana, hiyo inaweza kuwa sonona. Nayo husahaulisha mtu, na ikitibiwa kumbukumbu inaweza kurudi. Mweleze mhudumu wa afya ya jamii. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Tafuta msaada siku hiyohiyo.

Na angalizo: akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, usingoje. Inaweza kuwa malaria, maambukizi mengine, upungufu wa maji mwilini au kiharusi. Mpeleke hospitali mara moja.

Ndugu msikilizaji, hatuwezi kumrudishia baba shamba lake leo. Wenzake wa kuongea nao tunaweza kumtafutia. Jioni hii mwulize swali lisilojibiwa kwa neno moja: "Baba, kule kwetu mvua za kwanza zikinyesha, mlianza kupanda nini?" Kisha kaa usikilize, hata akirudia.

Tukutane wiki ijayo. Usiku mwema.

[Muziki wa kufunga]