Barabara Inapohama Upande: Samuye Hadi Kigali kwa Gari la Kukodi

Asubuhi, barabara ya Samuye huamka kabla ya jua. Baiskeli zenye madumu ya maziwa zinaelekea mjini Shinyanga, ng'ombe wanavushwa na mtoto mwenye fimbo, mkokoteni wa punda unachukua nusu ya lami bila haraka yoyote, na bodaboda inapita na abiria wawili na gunia la michembe. Dereva aliyekulia hapa anaisoma barabara hii kama anavyosoma uso wa mzazi wake. Anajua kwamba ng'ombe wa kwanza akishavuka, waliobaki watamfuata hata gari likiwa karibu. Anajua kwamba mzee aliye juu ya baiskeli hatageuka kutazama nyuma kabla ya kukata kona.

Ujuzi huo ni mali kubwa, na kwa safari nyingi unatosha. Unatosha hadi Mwanza, hadi Geita, hata hadi Kampala au Nairobi. Ila kwa anayekunja kulia pale Tinde, akaishika njia ya Isaka, Kahama, Nyakanazi na Lusahunga kwenda Rwanda, kuna mahali ambapo mazoea yaliyomlinda maisha yake yote yanaanza kumhatarisha. Mahali hapo ni Rusumo, kwenye daraja la mto Kagera. Upande wa Tanzania magari yanashika kushoto. Upande wa Rwanda yanashika kulia.

Chanzo cha tofauti hiyo ni cha zamani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika, Rwanda na Burundi zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Vita vilipokwisha, Mwingereza akapewa Tanganyika na Mbelgiji akapewa Rwanda na Burundi, na kila mmoja akaja na desturi ya kwao ya barabarani. Wakoloni waliondoka, desturi zikabaki. Nchi inaweza kubadili upande ikiamua: Uswidi ilihamia kulia Septemba 3, 1967, na nchi ya Samoa ikahamia kushoto mwaka 2009. Rwanda nayo iliwahi kufikiria kuhamia kushoto ili ilingane na majirani zake wa Afrika Mashariki, lakini mpaka leo inashika kulia. Kwa hiyo Mtanzania anayevuka nchi kavu kwa gari atakutana na badiliko hili kwenye mipaka ya majirani wawili tu, Rwanda na Burundi. Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na Msumbiji zinashika kushoto kama sisi.

Safari yenyewe si ya watalii peke yao. Mchele wa Kahama unaliwa Rwanda, na wanaoufuatilia huvuka kwenda kuonana na wateja. Wapo wenye ndugu ng'ambo ya mto, zipo kwaya zinazoalikwa, yapo makundi ya marafiki yanayotaka kuiona Kigali kwa macho yao. Watu wanne au watano wakipiga hesabu ya nauli za basi, mara nyingi mmoja wao huuliza: kwa nini tusikodi gari?

Hapo ndipo umakini unapotakiwa kuanza, siku nyingi kabla ya Rusumo. Katika miji yetu, kukodi gari mara nyingi maana yake ni kumpigia simu mtu anayemjua mtu mwenye Noah au IST iliyokaa bila kazi. Bei inapatanwa kwa maneno, ufunguo unatolewa, na kila mmoja anamtakia mwenzake heri. Mambo yakienda vizuri, hakuna anayekumbuka karatasi. Yakienda vibaya, karatasi ndiyo inayoamua nani atauza shamba.

Jambo la kwanza la kutazama ni kibao cha namba. Nchini Tanzania gari la biashara lina namba nyeupe na gari la mtu binafsi lina namba ya njano. Gari la namba ya njano huwa limekatiwa bima ya matumizi binafsi, na bima ya aina hiyo kwa kawaida haihusu gari linalokodishwa kwa malipo. Likipata ajali mikononi mwa aliyelikodi, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, na msamaria aliyetoa gari lake kwa bei nafuu anabaki na chuma chakavu pamoja na mgeni aliyelazwa hospitali. Ni vema kumuuliza mwenye gari waziwazi, bila kuona haya, bima yake ni ya matumizi gani. Uhai wa bima yenyewe unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kwa kuingiza namba ya gari.

Swali la pili ni ukubwa wa bima. Ile tunayoiita bima ndogo inamlipa mtu mwingine aliyeumizwa au kuharibiwa mali yake. Gari ulilokodi hailigusi. Bima kubwa inaligusa, lakini hata hiyo mara nyingi huacha sehemu ya kwanza ya hasara mikononi mwa mteja. Sehemu hiyo ni kiasi gani, na je, ataibeba mwenye gari au aliyekodi? Makubaliano yaandikwe na kila upande ubaki na nakala.

Kisha kuna bima ya ng'ambo, ambayo wengi huisikia kwa mara ya kwanza wakiwa tayari mpakani. Bima ya nyumbani kwa kawaida inaishia mpakani. Kinachoiendeleza ni Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki ndani ya mpango huu wa kadi, na Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya nazo zimo. Kadi inalipa madhara utakayomsababishia mwingine kwa kufuata sheria ya nchi uliyomo, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Haitengenezi gari lako. Inaombwa kwa kampuni iliyokata bima ya gari, na kwa kuwa gari si la kwako, ni mwenye gari anayepaswa kuihangaikia kabla hujaondoka Shinyanga. Pamoja nayo chukua kadi halisi ya gari, barua ya mwenye gari inayokuruhusu kulivusha mpaka iliyothibitishwa na wakili, leseni hai, na pasipoti au hati ya kusafiria kwa kila abiria. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014. Tanzania haimo katika utaratibu huo.

Gari lenyewe likaguliwe mchana, kwenye mwanga. Piga picha kila upande, kila mkwaruzo, pamoja na dashibodi inayoonyesha kilomita na mafuta. Spea tairi iguswe kwa mkono, kwa sababu nyingi hubebwa kama pambo. Na tairi zote zisomwe. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi lenye 2316 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata ukiwa na kashata nzuri, na kwa jua la Shinyanga, gari lililojaa watu na mizigo, tairi kuukuu hupasuka wakati usiotegemea. Mwenye gari akiona unapekua hivyo asikasirike. Unalinda mali yake.

Barabara ya kutoka Tinde kwenda magharibi ina uzito wake. Ndiyo njia ya mizigo ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na Isaka ina bandari kavu. Utapishana na semi, na malori ya mafuta yenye namba zinazoanza na R, na magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini, yakikimbizwa kwenda kwa wanunuzi, na mchomoko, gari dogo la abiria lililojaza watu kupita kiasi. Usiku wa Agosti 8, 2022, huko Mwakata wilayani Kahama, lori, Hiace, gari dogo na trekta vilikutana katika ajali moja. Takriban watu 20 walikufa. Wenyeji wa mkoa huu hawajausahau usiku ule, na haifai kwa mtu yeyote anayepanga safari hii kuusahau.

Usiku, trekta na mikokoteni mingi haina taa ya nyuma. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linapita mita 22 kila sekunde. Taa za chini zinamulika mbele kidogo tu, na macho yakishatambua kitu cheusi barabarani, mguu bado haujafika kwenye breki. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo giza la siku hizi lina magari makubwa mengi kuliko ilivyozoeleka. Panga kutembea mchana. Ndani ya makazi mwendo wa kisheria ni kilomita 50, na trafiki mwenye tochi anajua vizuri wapi madereva husahau.

Rusumo ni kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Aprili 6, 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame, pamoja na daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani. Ukitoka Tanzania huna haja ya kusimama mara mbili: unavuka daraja, na maofisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia upande unaoingilia. Saa inarudi nyuma pia. Saa 4 asubuhi ya Ngara ni saa 3 ya Rwanda.

Madereva wengi huogopa dakika za kwanza baada ya mpaka. Hofu hiyo inawasaidia: wanakwenda polepole, wanafuata lori lililo mbele, kila mtu ndani ya gari yuko macho. Hatari kubwa huja baadaye, hofu ikiisha. Umesimama kituo cha mafuta Kayonza, mmekunywa chai, mnacheka, unatoka kuingia barabarani na hakuna gari linaloonekana. Mikono inakwenda yenyewe kushoto. Au ni alfajiri ya siku ya pili, barabara tupu, hakuna wa kumfuata. Ndiyo maana abiria wa mbele apewe kazi maalumu: kila gari linapoondoka baada ya kusimama, atamke neno moja kwa sauti, "Kulia!"

Anayo kazi nyingine. Gari la Tanzania lina usukani upande wa kulia. Ukishika kulia, dereva anakaa ukingoni mwa barabara na lori lililo mbele linamziba kabisa. Ili aone kama njia ni tupu, lazima atoe karibu gari zima. Abiria wa kushoto ndiye anayeona. Hata hivyo, macho ya abiria si macho ya dereva, na milima ya Rwanda ina kona nyingi. Kuovateki kunaweza kusubiri. Taa nazo zina shida: za gari letu zimetengenezwa kumulika zaidi kushoto, na ng'ambo kushoto ndiko wanakotoka wengine, kwa hiyo unawapiga machoni.

Kwenye kipilefti, jina letu lenyewe linakuwa mtego. Kule unaingia kwa kulia na kuzunguka kinyume cha mishale ya saa, na magari ya kuyapisha yanatokea kushoto kwako. Hata ukishuka kutembea kwa miguu, tazama kwanza kushoto. Kwa haya yote, njia nyingine inafaa kufikiriwa: kupanda basi hadi Kigali na kukodi gari hukohuko, lenye usukani wa kushoto. Klachi, breki na moto vinabaki kwa mpangilio uleule. Gia tu ndiyo inahamia mkono wa kulia, na siku ya kwanza utawasha waipa kila unapotaka kuwasha indiketa.

Rwanda inasimamia sheria zake. Vibao vya 40, 60 na 80 vinasimamiwa na kamera ambazo Wanyarwanda wamezibandika jina la Sofia, na polisi wamekuwa na kampeni yao ya Gerayo Amahoro, yaani fika salama. Mkanda ufungwe na wa nyuma pia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, ikaguliwe kwenye mizigo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi. Kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi shughuli nyingi husimama na magari hutakiwa kutulia. Polisi wanapatikana kwa 112, ajali za barabarani 113.

Kurudi kuna hesabu yake, na ndiyo inayowaponza waliochoka. Ukiondoka Kigali saa 1 asubuhi ya huko, nyumbani tayari ni saa 2. Hadi Rusumo ni kama kilomita 160 za kona na vibao, kisha mpaka, na hapo abiria wa mbele anabadili neno lake na kuanza kusema "Kushoto!" Mchana umeshafika. Zinabaki kilomita 92 hadi Lusahunga, kisha Nyakanazi, kisha kipande kirefu hadi Kahama. Jua linaanza kushuka ukiwa Kahama, mwili umechoka, na Samuye inaonekana kama ipo hapo tu. Lakini kati ya Kahama na Tinde kuna Mwakata. Vyumba vya kulala vipo Kahama, na bei yake iingizwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na mafuta.