Manda, Mlango wa Amu

Abiria aliyekata tikiti ya Lamu hatui Lamu. Hutua katika uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa kinachoikabili Amu, yaani Lamu hiyo hiyo, ng'ambo ya mkono wa bahari, mahali ambapo hapana mji wa kumlaki wala gari la kumngojea, ila vichaka, mikoko ya ufukweni na njia fupi iteremkayo hadi gatini. Na mizigo yake, ikiisha kushushwa, hupakiwa katika rukwama na kusukumwa kwa mikono mpaka majini, ambako wenye boti huwaita wasafiri, huyu wa Mjini, yule wa kijiji cha Shela, kama ilivyo ada ya bandari zote.

Nami naona kwamba utaratibu huu, ijapokuwa huwachosha wenye haraka, umeihifadhi Amu kuliko sheria nyingi zilizoandikwa kwa ajili yake. Mji ule wa mawe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ungali na vichochoro vyake vya kupishana watu na punda, na kila ajaye kwa ndege, awe waziri au mchuuzi, hana budi kuuingia kwa mlango wake wa kale, yaani baharini. Manda nayo ina tarehe yake: magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17, yako kisiwani humo humo, na watu wa Shela, wanaojinasibisha nao, huenda kuzuru na kumwomba Mwenyezi Mungu mvua.

Walakini asidhani msomaji kuwa uwanja huu ni wa watalii peke yao. Njia ya nchi kavu kutoka Mombasa, yenye kupita Malindi, Garsen na Witu hata Mokowe, ni zaidi ya kilomita 300, na akifika Mokowe msafiri bado ana bahari ya kuvuka. Na baada ya mauaji ya Juni 2014 huko Mpeketoni, katika Kaunti ya Lamu, ilipobidi mabasi kusindikizwa na askari na watu kuzuiwa kutoka usiku, safari hiyo iligeuka kuwa mtihani wa subira na wa imani. Barabara sasa imetiwa lami, alhamdulillahi, lakini khofu haiondoki kwa lami. Ndiyo maana katika ndege zitokazo Wilson, Nairobi, utawakuta pamoja na wageni wa Shela mwanafunzi arejeaye likizo, mfanyabiashara, na mgonjwa aliyekuwa kwa matabibu wa bara; na Maulidi ya Msikiti wa Riyadha wa Amu, alioasisi Habib Swaleh, yanapokaribia, huongezeka mashekhe na mahujaji wa ziara ile.

Ni kwa ajili ya hao wenyeji ninaandika, hasa kwa ajili ya wazee wao. Mwenye kuufahamu mkono huu wa bahari anajua ya kuwa wakati wa bamvua maji hupwa sana, na boti iliyokuwa sawia na gati asubuhi hukutwa adhuhuri imeshuka chini kabisa, hata bibi aliyevaa buibui, mwenye magoti mabovu na bahasha ya picha za hospitali mkononi, huteremka ngazi zenye utelezi akiwa ameshikwa kwapa na vijana wawili, huku nahodha akiizuia boti kwa mguu isisukumwe na mawimbi. Vijana wale wana adabu na nguvu, Mungu awalipe, lakini usalama wa mgonjwa haufai kutegemea ihsani ya wapita njia.

Kaunti ya Lamu, iliyohesabiwa kuwa na watu 143,920 katika sensa ya mwaka 2019, ni ndogo kwa idadi, na pengine ndiyo sababu haja zake husikika kwa taabu. Hata hivyo haja hii si kubwa. Ninawasihi wenye mamlaka, kabla ya kufikiria jengo jipya la kupendeza wageni, waweke Manda gati lenye kuelea, lipandalo na kushuka pamoja na maji, na wazungumze na mashirika ya ndege ili mgonjwa mwenyeji, mwenye barua ya daktari, atozwe nauli anayoimudu.