Kabla ya kununua zana ya pili, inoe na kuiosha ya kwanza

Mwaka 1997 mnyauko fuzari uliripotiwa katika mibuni ya robusta mkoani Kagera. Mbuni uliokuwa na matunda ulianza kulegea majani, kisha ukakauka ukiwa umesimama. Ukikwangua gome lake unakuta mti wa ndani umegeuka rangi, buluu inayokaribia weusi. Kuvu anayeleta ugonjwa huu huingilia kwenye majeraha, na mjeruhi mkubwa wa mibuni ni panga la kufyekea magugu. Mfyekaji hugusa shina hapa na pale bila kukusudia, akimaliza mti mgonjwa anahamia wa jirani na chuma kilekile.

Migomba nayo ilipata yake. Mnyauko wa bakteria uligunduliwa Uganda mwaka 2001, ukavuka mpaka hadi Kagera. Wadudu wanaotembelea ua dume huusambaza, lakini wanasaidiwa sana na visu, mapanga na majembe ya wakulima wenyewe. Ndiyo maana wataalamu wakawashauri wakulima waache kisu nyumbani wanapokwenda kuondoa ua dume, watumie mti wenye panda: unalishika ua chini ya chane ya mwisho, unalizungusha hadi likatike. Mti huo haupiti ndani ya utomvu kama kisu kinavyopita, kwa hiyo hauna cha kuhamishia mgomba wa pili.

Nimeanzia huko kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu zana za bustani huwa ni orodha ya vitu vya kununua. Jembe, reki, sepeto, keni, toroli, mkasi. Orodha haina kosa, ila haimwambii mwenye kitalu jambo linaloamua kama miche yake itaishi: hali ya chuma kinachougusa mche.

Chukua kisu cha kubebeshea. Mwembe au mparachichi wa kisasa ni miti miwili iliyounganishwa, shina la chini lililooteshwa kwa mbegu na kikonyo kilichokatwa kwenye mti mzazi wenye sifa tunazozitaka. Kinachounganika ni lile tabaka jembamba la kijani lililo chini ya gome. Tabaka la kikonyo na la shina yasipogusana, au yakigusana yakiwa yamechanikachanika, kikonyo kitanyauka ndani ya utepe wake. Kwa hiyo mkato unatakiwa uwe mmoja, mrefu wa sentimita tatu au nne, ulionyooka kabisa. Kisu kizuri cha kazi hii hunolewa upande mmoja tu na upande wa pili huachwa bapa, ili kisiteleze kwenda pembeni kikiwa katikati ya mkato. Kisu cha jikoni kimenolewa pande zote mbili, na hata kikiwa kikali huacha bonde dogo ambalo jicho halilioni lakini mche unaliona. Mtu anayebebesha miche mingi kwa siku lazima awe na kinoo pembeni, akirudie mara kwa mara kabla makali hayajaanza kufa.

Usafi nao hauhitaji maabara. Dawa ya klorini ya kufulia, ile ambayo wengi tunaiita jiki, sehemu moja kwa sehemu tano za maji, inatosha kutumbukizia kisu kila unapohama kutoka mti mzazi mmoja kwenda mwingine. Futa udongo na utomvu kwanza, kwa sababu dawa haifanyi kazi vizuri chini ya uchafu. Jioni suuza kwa maji, kausha, paka mafuta kidogo, maana klorini hula chuma. Panga na jembe unaweza kuvipitisha motoni mpaka visishikike kwa mkono. Usiviache viive hadi kuwa vyekundu, kwani chuma kilichoungua hivyo hupoteza ugumu wake na hakikai na makali tena.

Mkasi wa kupogolea watu hukosea kuuchagua dukani. Upo ambao wembe wake hupita kando ya taya la pili, na upo ambao wembe hushuka juu ya bapa la chuma. Huu wa pili ufaao kwa matawi makavu huliponda tawi bichi, na tawi lililopondwa hupona taratibu huku likikaribisha magonjwa. Kwa miche na waridi chukua ule wa kwanza. Kata kwa mshazari, juu kidogo ya jicho.

Mengine mengi hayahitaji fedha kubwa. Mwaka 1977 Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya, wanawake wa vijijini walioanza kuotesha miti walitumia vyombo walivyokuwa navyo, hata vyungu vilivyovunjika. Chekeche la waya lililogongomelewa kwenye fremu ya mbao linatosha kuchekechea udongo wa viriba. Chupa ya plastiki iliyokatwa mshazari hujaza viriba upesi kuliko mkono. Keni ya kumwagilia iwe na kichwa chenye matundu madogo, na kwa mbegu zilizosiwa karibuni geuza matundu yatazame juu, maji yashuke kama manyunyu yasiyofukua mbegu.

Kijiti cha kuhamishia miche michanga nakisemea zaidi, kwa kuwa hakuna anayekiheshimu. Ni kijiti tu, kinene kama penseli, kilichochongwa ncha. Shimo lake likiwa fupi kuliko mzizi, mzizi mkuu hujikunja kuelekea juu, na kosa hilo halionekani kitaluni. Mche utapendeza, utauzwa, utapandwa, kisha baada ya miaka michache mti utadumaa au utaangushwa na upepo. Toboa shimo refu, ushushe mche hadi chini, halafu uuvute juu kidogo mzizi unyooke kabla ya kushindilia udongo.

Mwenye fedha ya zana mbili tu anayeanza kitalu ningemshauri anunue kisu kizuri na kinoo, hayo mengine aazime au ayatengeneze. Na wewe unayenunua miche kando ya barabara, kabla ya kulipa inua kiriba utazame kama mizizi imetoboa chini na kukatwa vizuri au imeng'olewa ardhini kwa nguvu. Chunguza pale mche ulipounganishwa: pawe pamefunga pande zote, bila ufa wala uvimbe wa ajabu. Kisha muulize muuzaji kisu chake anakisafishia nini. Mwenye kitalu anayeijua kazi atakuonyesha ndoo yake.