Lisbon, jiji lililobebwa na mabao ya Afrika

MWAKA 2030 Ureno, Hispania na Morocco watakuwa wenyeji wa Kombe la Dunia. Kwa shabiki wa huku kwetu, Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ni nyumbani kwa Benfica na Sporting, basi. Lakini historia ya jiji hili inatugusa kuliko wengi wanavyodhani.

Kibendera cha pembeni

Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon Julai 1497. Aprili 1498 alikuwa Mombasa, ambako mambo yalimwendea kombo, akasogea Malindi na kupata nahodha wa kumvusha hadi India. Nguzo aliyoisimika Malindi ipo hadi leo.

Wenzake waliofuata hawakuja kistaarabu. Mwaka 1505 walivamia Kilwa na Mombasa, na Ngome ya Yesu ilikaa mikononi mwao karibu miaka 100 kabla ya Waomani kuwang'oa mwaka 1698. Waliondoka, maneno yao yakabaki: meza, leso, gereza, bendera. Kwa hiyo kile kibendera anachonyanyua mwamuzi msaidizi kuonyesha kuotea, jina lake limetokana na Kireno.

Jiji lililofufuka

Novemba Mosi, 1755, tetemeko la ardhi, mawimbi ya bahari na moto viliiteketeza Lisbon ndani ya siku chache. Aliyesimamia ujenzi mpya ni waziri aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal. Sanamu yake ipo katikati ya mzunguko mkubwa wa barabara, na hapo ndipo mashabiki wa Benfica na Sporting hufurika timu yao ikibeba ubingwa.

Chui Mweusi

Sasa tuje kwenye soka lenyewe. Eusébio alizaliwa mwaka 1942 Lourenço Marques, leo Maputo, Msumbiji. Alitua Benfica Desemba 1960, na Mei 2, 1962 aliifungia mabao mawili ilipoichapa Real Madrid 5-3 kwenye fainali ya Kombe la Ulaya.

Kombe la Dunia 1966 ndiyo ilikuwa balaa. Ureno ilikuwa nyuma 3-0 mbele ya Korea Kaskazini, jamaa akapiga nne peke yake na mechi ikaisha 5-3. Alimaliza na mabao tisa, mfungaji bora wa mashindano, na Ureno ikashika nafasi ya tatu. Nahodha wa kikosi hicho, Mário Coluna, naye alikuwa mzaliwa wa Msumbiji.

Wakati huohuo, Dar

Hapa ndipo stori inapouma. Hata miezi miwili haikupita tangu fainali ile ya 1962, Juni 25, wapigania uhuru wa Msumbiji walianzisha FRELIMO jijini Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye vita ikaanza. Yaani Eusébio alikuwa akiipigania bendera ya Ureno uwanjani, huku ndugu zake wakiipigania ishushwe nyumbani.

Mwisho ulianzia Lisbon kwenyewe. Aprili 25, 1974 wanajeshi waliuangusha utawala wa kidikteta, wananchi wakawachomekea maua kwenye mitutu ya bunduki. Daraja kubwa la mto Tagus, lililokuwa na jina la dikteta Salazar, likaitwa 25 de Abril. Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru.

Deni halijaisha

Eusébio alifariki Januari 2014, na mwaka uliofuata mwili wake ukahamishiwa kwenye jengo la kitaifa wanakozikwa marais na waandishi wakubwa. Ni mwanasoka wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Kombe lenyewe kubwa Ureno ililisubiri hadi Euro 2016. Fainali, Paris, dakika ya 109, shuti kali la mbali likaimaliza Ufaransa 1-0. Mfungaji aliitwa Éder. Alizaliwa Guinea-Bissau, koloni jingine la zamani la Ureno.