Unamlilia mpiga solo? Jifunze kuzuia damu

UKIPITA Spring Valley Jumapili alasiri, kando ya Barabara ya Lower Kabete au ile ya Peponi, huenda ukasikia gitaa likitoka kwenye redio ndogo iliyowekwa dirishani mwa kibanda cha mlinzi. Mlinzi, mtunza bustani na dereva aliye mapumzikoni hunyamaza gitaa la solo linapoingia. Kisha mmoja husema, "Huyo ni Mbaraka," na mazungumzo huanza.

Msomaji, ikiwa wewe ni mpenzi wa nyimbo zilizopendwa, huna haja ya kuelezwa Mbaraka Mwinshehe alikuwa nani. Alizaliwa Tanzania mwaka wa 1944, akavuma kama mwimbaji na mpiga solo wa Morogoro Jazz, bendi iliyofika hadi Osaka, Japani, kwa maonyesho ya Expo 70. Mwaka wa 1973 alianzisha Super Volcano. Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34, alifariki kutokana na ajali ya gari mjini Mombasa. Wapenzi wa benga nao walimpoteza D.O. Misiani, mpiga gitaa na kiongozi wa Shirati Jazz, katika ajali ya barabarani huko Kisumu mnamo Mei 2006.

Marehemu kama hawa wakitajwa, hakosi mtu wa kusema, "Siku yake ilikuwa imefika." Maneno hayo huliwaza. Lakini yafaa ieleweke kwamba majeruhi wengi wa barabarani huuawa na kutokwa na damu, na mara nyingi damu hiyo ingeweza kuzuiwa au kurudishwa. Kutoka mwaka wa 2021 hadi 2024, barabara za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa zaidi lilikuwa la watu waendao kwa miguu. Hao ni watu kama wale wanaoshuka kila asubuhi kuelekea Westlands kazini.

Mwili hufanya nini damu inapopotea?

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Kazi yake kubwa ni kupeleka hewa safi kwenye ubongo, moyo, figo na viungo vinginevyo. Akipoteza chini ya nusu lita, mwili hujimudu bila shida kubwa. Akizidi hapo, moyo huanza kupiga mbio ili damu iliyobaki izunguke upesi, na mishipa ya mikono na miguu hujibana ili damu ibakie kwa viungo muhimu. Ndiyo maana majeruhi huwa na vidole baridi na jasho jembamba.

Ikifika lita 1.5 hivi, mbinu hizo hushindwa. Shinikizo la damu hushuka na ubongo hukosa hewa. Majeruhi huhangaika, hulalamika kwa kiu, huongea maneno yasiyoeleweka au husinzia. Ikifika lita 2, yuko mlangoni mwa mauti.

Kumbuka pia kwamba si damu yote inayoonekana. Bandama au ini likipasuka, damu humwagika tumboni. Mfupa wa paja ukivunjika, zaidi ya lita moja yaweza kupotelea ndani ya nyama. Kwa hiyo usimwachilie aende zake mtu aliyegongwa kwa sababu tu "hana kidonda". Tazama ndani ya midomo yake, kope na viganja. Ikiwa vimepauka, apelekwe hospitali bila kukawia.

Ufanye nini ukikuta ajali?

Kwanza, linda usalama wako. Hakikisha magari mengine yamesimamishwa. Kisha mtume mtu mmoja, umwonyeshe kwa kidole, apige simu 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Ukipaza sauti tu kwa umati, kila mmoja atadhani mwenzake amepiga.

Pili, kandamiza kidonda. Chukua kitambaa safi, leso au hata shati, ukikandamize kwa nguvu za mikono yote miwili. Vaa mifuko ya plastiki mikononi ikiwa huna glavu. Usifunue kila mara kuchungulia, kwani utaondoa damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Tatu, ikiwa damu ya mkono au mguu inaruka na haikomi kwa kukandamizwa, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, kiasi cha sentimita 5 hadi 7 kuelekea mwilini, lakini si juu ya goti wala kiwiko. Pitisha kijiti, ukizungushe hadi damu ikome, kisha ukikaze kisifunguke. Andika saa uliyofunga, na usikilegeze hadi majeruhi afike kwa daktari. Usitumie waya au kamba nyembamba, kwani hukata nyama bila kuzuia damu.

Kuna na mambo ya kuepuka. Usichomoe chuma au kioo kilichozama mwilini, kwani huenda ndicho kinachoziba mshipa. Usimvute majeruhi kwa mikono na miguu kama gunia, isipokuwa gari linawaka moto au kuna hatari nyingine, kwa maana shingo yaweza kuwa imevunjika. Usimpe maji wala chai hata akiomba, kwa sababu huenda akahitaji kupasuliwa, na tumbo lililojaa huongeza hatari. Mfunike tu asipatwe na baridi.

Damu inayookoa ni ipi?

Hapa ndipo wapenzi wengi wa wanamuziki hukosea, tena kwa nia njema. Habari ikienea kwamba msanii fulani ameumia, watu humiminika hospitalini wakikunja mikono ya shati. Lakini damu hiyo haiwezi kutiwa mwilini papo hapo. Ni lazima ipimwe kundi lake, na ichunguzwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kazi hiyo huchukua muda, na majeruhi huenda asiwe nao. Kwa hiyo damu inayookoa ni ile iliyokuwa tayari kwenye friji kabla ya ajali kutokea, iliyotolewa na mtu asiyemjua majeruhi.

Tena damu haihifadhiki milele. Chembechembe nyekundu hukaa kati ya siku 35 na 42, kutegemea dawa ya kuihifadhi. Wakazi wa Nairobi walijipanga foleni kutoa damu baada ya shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 katikati ya jiji. Moyo ule ulikuwa mwema, lakini hospitali zinahitaji foleni fupi kila juma kuliko foleni ndefu mara moja katika miaka mingi.

Nani anaweza kutoa?

Ukiwa na umri wa kati ya miaka 16 na 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya nzuri, unaweza kutoa. Utapimwa kwanza kama damu yako inatosha. Hutolewa mililita 450, yaani chini ya nusu lita. Maji yake hurudi mwilini kwa siku moja au mbili, na chembechembe nyekundu kwa majuma kadhaa. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye homa wasubiri. Kituo cha damu kipo karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na hospitali kubwa pia zitakueleza pa kwenda.

Na usingoje ajali ndipo ujali. Fungeni mikanda, hata nyuma ya gari. Kwa wakaao mbele, mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa karibu nusu. Usipande gari la dereva anayesinzia, hata kama ni la mwenzako mnayetoka naye dansini usiku.

Basi msomaji, Januari ikifika na redio ikampiga Mbaraka, sikiliza solo lake hadi mwisho. Kesho yake nenda ukatoe damu. Huenda kijana fulani asiyejulikana bado, aliyebeba gitaa lake garini usiku huo, akaihitaji ili afike kwenye onyesho lake lijalo.