Virusi vya Kuku na Saratani: Tuwaambie Nini Wagonjwa



Wagonjwa tunaowatembelea mitaa ya Msimbazi wanauliza kama ni kweli virusi vya kuku vinatibu saratani. Habari hiyo ina chanzo cha kweli, ila imefika nusu.

Vipo virusi vinavyowapunguzia vifaranga damu, vilivyogunduliwa Japani mwaka 1979. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walichunguza protini moja ya virusi hivyo, iitwayo apoptini. Mwaka 1997 walionyesha kwamba ikiwekwa ndani ya seli za saratani za binadamu, seli hizo hufa, lakini seli zenye afya hubaki salama. Katika seli ya saratani protini hii huingia kwenye kiini. Katika seli yenye afya hukaa nje ya kiini.

Kwa kawaida seli ina mlinzi, protini iitwayo p53, anayeiamuru ife ikiharibika. Virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, hutengeneza protini E6 inayomwangamiza mlinzi huyo, na seli iliyopaswa kufa inaendelea kugawanyika. Apoptini huua bila kumtegemea mlinzi huyo. Ndiyo maana ilitumainiwa sana.

Hata hivyo, mpaka leo apoptini haijawa dawa ya hospitali. Kuifikisha ndani ya seli za uvimbe mwilini ni kazi ngumu. Kula kuku, hata awe wa kienyeji, hakuleti tiba hiyo (tumeulizwa hilo pia!), na anayeuziwa dawa ya jina hilo anaibiwa.

Kinachotuuma ni mama anayeisubiri nyumbani, wakati Taasisi ya Saratani Ocean Road iko safari fupi tu kutoka Kariakoo. Saratani ya mlango wa kizazi ikigunduliwa mapema hutibika. Katika uchunguzi mhudumu hupaka siki nyepesi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Ni kazi ya dakika chache. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14.

Tunaomba kila jumuiya ndogondogo iwaandikishe akina mama wanaokosa nauli au mtu wa kuwasindikiza, na michango ya robo hii ianzie hapo.